Chatu jike hali tangu Mei, na ngoma ya Sikonge imekaribia

Swali lenyewe, kwa kifupi, ni hili:

"Shikamoo Daktari. Mimi ni mkazi wa Ipuli, hapa Tabora mjini. Kikundi chetu cha ngoma ya nyoka kina chatu jike wa mita tatu na nusu. Tulimrithi kwa marehemu baba mdogo, na kibali tunacho. Tangu mwishoni mwa Mei hagusi kuku wala sungura. Rangi imebadilika, amekuwa mweusi kama aliyepakwa oili chafu. Mwezi wa saba wenzetu wa Nzega walikuja na dume lao, tukawalaza banda moja wiki tatu, na dume alikuwa akimfuata usiku kucha. Sasa jike ametuna sehemu ya nyuma, na jua likitoka habanduki pale linapopiga. Mzee mmoja anatushauri tumlishe nyama kwa kijiti asije akatufia. Tuna mwaliko Sikonge wiki mbili zijazo. Tumlishe? Twende naye? Halafu mwaka juzi alitaga mayai manne akiwa peke yake, hakuna dume, na wapo wanaosema ni mkosi. Ni nini kile?"

Marahaba, mwanangu. Nianze na la haraka, mengine yafuate: msimlishe kwa kijiti, na Sikonge msiende naye. Kwa dalili ulizonieleza, huyo chatu haumwi. Ana mayai tumboni, na njaa yake ni sehemu ya kazi anayoifanya.

Najua ni vigumu kumtazama mnyama wako miezi mitatu hali ukaambiwa ukae kimya. Ng'ombe asipokula siku mbili tunamwita bwana mifugo. Lakini chatu haishi kwa hesabu ya ng'ombe. Yeye huishi kwa akiba. Masika yetu, kuanzia Novemba hadi Aprili, ndipo porini kila kitu hujaa: panya, kanga, sungura, ndama wa swala. Chatu jike hula, na kinachobaki hukiweka mwilini kama mafuta, amelundika kama mkulima anayejaza ghala. Ghala likijaa vya kutosha, mwili wake huamua kwamba mwaka huu utazaa. Lisipojaa, huruka mwaka, pengine miwili, bila kutaga. Huyo wenu nadhani alikula vizuri masika iliyopita. Ulisahau kuniandikia alikula nini na mara ngapi, ila naweza kukisia.

Mei ikifika mvua zimekatika, na Juni na Julai baridi inashuka. Hapa Tabora tuko juu, kama mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na usiku wa Julai kipimajoto hushuka hadi nyuzi 14 au 15. Chatu huisikia baridi hiyo mwili mzima, maana hana joto lake mwenyewe. Joto lake ni lile la mahali alipolala. Ndiyo kengele yake. Ini la jike huanza kutengeneza kiini cha yai kutokana na yale mafuta, na harufu inayotoka kwenye ngozi yake hubadilika. Sisi hatuinusi. Dume huinusa kwa ulimi: anautoa, anakusanya chembe za harufu, anaurudisha mdomoni na kuzipeleka kwenye kiungo maalumu kilicho juu ya kaakaa. Ndiyo maana umemwona dume wa Nzega akitembea na ulimi nje kutwa. Kusini mwa Afrika watafiti waliowafunga chatu vifaa vya redio walimwona dume mmoja akimfuata jike kwa miezi mitatu, zaidi ya kilomita mbili.

Unaweza kukutana na maelekezo ya wafugaji wa Ulaya na Marekani: wanapunguza saa za taa, wanashusha joto la usiku kwa wiki kadhaa, wanahesabu dakika. Kwao ni lazima, kwa sababu nyoka wao wamefungiwa ndani ya nyumba yenye joto moja mwaka mzima. Wewe wa Ipuli huna haja ya kuigiza msimu. Msimu unapita juu ya bati lako. Mwanga nao si hoja kubwa kwetu, maana tofauti kati ya mchana mrefu kabisa na mfupi kabisa wa mwaka hapa Tabora haifiki hata saa moja. Baridi ya usiku, ukavu na akiba ya mwili ndivyo vinavyosema naye.

Sasa huo weusi. Hili ndilo lililonifurahisha zaidi katika barua yako, kwa sababu wengi huona na hawaandiki. Mwaka 2018 Graham Alexander, mtaalamu wa reptilia wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand, alichapisha matokeo ya miaka mingi ya kuwafuatilia chatu wa porini Afrika Kusini. Aliona majike yanayozaa yakibadilika rangi, yanakuwa meusi. Jike hutoka kwenye shimo, mara nyingi shimo lililochimbwa na muhanga, analala mlangoni juani hadi joto la mwili wake linakaribia nyuzi 40, kiwango cha hatari kabisa kwa nyoka, kisha anarudi ndani kuyazungushia mayai mwili wenye moto. Ngozi nyeusi hunywa jua haraka. Chatu wa Asia, yule wa Burma, hutetemesha misuli apate joto la kulalia mayai. Wa kwetu hatetemeki, yeye hukopa joto juani. Kwa hiyo oili chafu unayoiona ni nguo ya kazi.

Alexander aliona pia kwamba majike hawali kitu muda wote huo, zaidi ya miezi sita, na wapo waliopoteza hadi asilimia 40 ya uzito. Soma tena hapo: asilimia 40. Mzee wenu ana nia njema, lakini hofu yake ni ya mtu aliyezoea wanyama wengine.

Na mimi niliwahi kuwa na hofu hiyohiyo. Nilikuwa na miaka mitano tu kazini, nikaletewa chatu jike mwezi wa nane, hali, ametuna, mweusi. Sikumpima vizuri. Nilimsagia nyama, nikamwingizia kwa mpira wa kunyweshea ndama, watu wawili wamemshika. Siku ya tatu alitapika yote, imeoza. Nyoka hameng'enyi chakula kwa baridi, na mayai yale yalikuwa yamembana utumbo hakuna nafasi. Baadhi ya ile nyama iliingia kwenye pafu. Akaanza kupumua mdomo wazi, kamasi zinachuruzika, kila pumzi inatoa sauti kama filimbi iliyoziba. Septemba alikufa. Nilimpasua mwenyewe, nikakuta mayai 31, makubwa, yamepangana kama vitunguu kwenye mkungu. Sijawahi kumlisha chatu kwa nguvu msimu wa kipupwe tangu siku ile, na nakuomba usianze wewe.

Ni haki yako kuuliza: basi nitamjuaje mgonjwa? Mtazame, na umpime. Tafuta ile mizani ya kuning'iniza ya wanunuzi wa asali, mtie kwenye gunia safi, mpime mara moja kila wiki mbili, uandike. Mfungo wa msimu hupunguza uzito polepole na mnyama anabaki na nguvu. Ukimgusa mkia anauvuta, ulimi unacheza, macho ni maangavu. Ugonjwa una sura nyingine: uti wa mgongo unachomoza kama ukingo wa paa, ngozi ya ubavuni inakunjika, macho yanazama, kuna mapovu puani au usaha kwenye fizi. Akilala ameinua kichwa juu, mdomo wazi, na hali si ya joto kali, hiyo ni nimonia, mlete mara moja. Angalia na kupe, hasa kwenye mashimo ya midomo na kuzunguka macho.

Jambo jingine la kukuhakikishia kwamba amebeba: mwangalie anavyolala. Jike mwenye mayai mara nyingi hujiviringa ubavu, hata tumbo likaangalia juu, hasa karibu na mahali pa joto. Na atajivua gamba wiki chache kabla ya kutaga. Siku utakayookota gamba hilo, iandike ukutani kwa chaki. Kuanzia hapo kaa chonjo.

Kuhusu dume, umefanya vizuri kumrudisha. Kama hukuwahi kuwatazama kwa karibu, mwaka mwingine kaa kimya na tochi hafifu uone. Kando ya tundu la haja la chatu kuna vijikucha viwili, mabaki ya miguu ya nyuma ya mababu zake. Kwa dume ni virefu na vimejipinda. Hupanda mgongoni mwa jike, akaanza kumkwaruza navyo taratibu, na ukitega sikio utasikia, kama mtu anayepitisha kucha juu ya ungo. Jike akiridhia huinua mkia. Wanaweza kukaa wameshikamana saa nyingi. Waambie wenzenu wa Nzega kwamba na dume naye huenda asile hadi Septemba hivi, na msimu huu ana hasira kuliko kawaida. Wasimfungie na dume mwingine hata siku moja. Huumana vibaya.

Tuje kwenye joto, maana hapo ndipo mnaweza kumsaidia kweli. Baridi ya Tabora ni kengele nzuri, lakini nyuzi 14 chini ya bati, juu ya sakafu ya saruji, ni baridi mno kwa mnyama aliyefungiwa asiyeweza kwenda kutafuta shimo refu. Porini shimo la muhanga usiku huwa na joto kuliko hewa ya nje. Ninyi mumtengenezee shimo. Sanduku la mbao lenye mfuniko, au pipa la plastiki la lita 200 lililolazwa na kukatwa mlango wa kumtosha kupita, lenye mchanga na majani makavu, chini pamewekwa mbao lisiguse saruji. Upande mmoja mumwekee taa ya joto kwa nje, iliyozungushiwa wavu asiiguse na kuungua. Mchana apate mahali pa nyuzi 32 au 33 na mahali pengine pa ubaridi achague mwenyewe. Usiku isishuke chini ya 20. Umeme ukikatika, chupa za maji ya moto zilizofungwa kwenye khanga zinasaidia hadi asubuhi. Jua la saa mbili hadi saa nne asubuhi mwachieni, na lazima awe na kivuli hatua moja kutoka hapo. Nimeshaona chatu aliyekufa kwa jua ndani ya sanduku la bati, kwa nusu saa tu. Maji ya kunywa yawepo siku zote, kwenye beseni zito asiloweza kulipindua.

Atataga lini? Kwa kawaida ni miezi miwili hadi mitatu baada ya kupandana. Kama walikuwa pamoja Julai, tazamia kati ya mwisho wa Septemba na Oktoba, wakati joto letu limepanda na miyombo imeanza kuchipua majani mekundu. Chatu wa ukubwa wa wenu anaweza kutaga mayai 30 hadi 50, kila moja kama chungwa, ganda lake laini kama ngozi ya ngoma iliyolowa. Yatashikamana kama rundo moja. Msiyabandue. Na msiyageuze: kiinitete cha nyoka hujishikiza upande wa juu wa yai mapema sana, ukiligeuza unakizamisha. Ikibidi kulisogeza, chora alama ya penseli juu, na alama hiyo ibaki juu.

Wapo wanaoyachukua mayai na kuyatia kwenye kiangulio. Mimi nakushauri mwachie mama. Anajua kazi hiyo kuliko sanduku lolote tutakaloliunda Ipuli. Atajiviringa juu yake siku 65 hadi 90, akitoka kuota jua na kurudi. Kazi yenu ni unyevu: nyunyizieni mchanga wa pembeni, si mayai yenyewe, pasiwe pakavu wala matope. Yai viza utalijua, linakuwa la njano, linabonyea, linaota ukungu. Kama halijagusana na mengine liondoe, kama limeshikamana liache.

Muda huo chatu mpole uliyemzoea miaka yote hatakuwa yule. Atauma. Hana sumu, ila ana safu za meno yaliyopinda kuelekea ndani, na akikushika hutoki bila kuchanika. Kwa mnyama wa mita tatu na nusu asiingie mtu mmoja bandani, wawe wawili kila mara. Watoto wasikaribie hata kuchungulia. Hili nalisema kwa uzito wote: chatu wa kiasi hicho anaweza kumuua mtoto. Banda liwe na kufuli, na ufunguo ukae kwa mtu mmoja.

Umeuliza pia ile ya mwaka juzi, mayai manne bila dume. Si mkosi. Mara nyingi ni mayai matupu, kama ya kuku asiye na jogoo. Mwili umetimiza msimu wake hata kama hakuna mbegu. Pili, chatu jike anaweza kutunza mbegu za dume mwilini kwa miezi kadhaa, kwa hiyo kama wakati huo marehemu baba mdogo alikuwa amempata porini karibuni, akiwa mkubwa, huenda alikuja nazo. Na ya tatu ni nadra lakini ya kweli: kuna chatu waliozaa bila dume kabisa. Mwaka 2012, katika bustani ya wanyama ya Louisville, Marekani, chatu jike wa Asia aliyeitwa Thelma, ambaye hakuwa amewahi kukaa na dume, alitaga mayai 61 na watoto sita wakapatikana hai, wote majike. Vipimo vya vinasaba vilithibitisha kwamba hawakuwa na baba. Kwa hiyo watakaokuja tena na maneno ya mkosi, waeleze hayo, kwa heshima.

Sasa Sikonge. Hapa najua naingilia riziki na mila, na sisemi kama mtu wa nje. Nimekulia kwenye uwanja wa ngoma, nawaheshimu wayeye, wale wataalamu wa ngoma ya nyoka, na elimu yao ya nyoka na dawa. Lakini tazama kalenda ilivyotukalia vibaya. Ngoma zetu huja baada ya mavuno, Juni hadi Septemba, watu wana chakula na nafasi. Ni miezi ileile ambayo chatu anatafuta utulivu. Tunamtoa bandani wakati hasa anapotaka kubaki. Kumzungusha shingoni jike aliyejaa mayai ni kuyabana yote kwenye mkunjo mmoja. Kumbeba kwenye gunia juu ya pikipiki hadi Sikonge ni kuyatikisa kilomita nyingi. Ngoma yenyewe chatu haisikii kama sisi, huipokea kupitia ardhi, mwili mzima uko juu ya mtetemo. Jike aliyesumbuliwa hivyo anaweza kushindwa kutaga, mayai yakakwama, na yai likikwama tumboni mwa chatu dawa ninazo chache. Wazee waliowahi kunifundisha walikuwa na chatu wa ngoma na chatu wa kupumzika, wakiwabadilisha. Utaratibu huo umepotea kwa sababu siku hizi kikundi kina nyoka mmoja.

La mwisho kabla hujaenda: kibali. Umesema mnacho, angalia kimeandikwa nini. Kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, kibali cha chatu mmoja hakikupi chatu 40. Nenda kwa afisa wanyamapori wa wilaya sasa, kabla ya mayai, mweleze. Yeye na TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori, ndio watakaosema watoto waende wapi, na msiwaachie wenyewe kwenye shamba la mtu au kando ya Bwawa la Igombe. Watatoka kwenye ganda wakiwa na sentimita 50 hadi 60, watakaa karibu na mama yao kama wiki mbili, watajivua gamba la kwanza, kisha wataanza kutaka panya wadogo. Akija mtu kutoka mjini na bei nzuri ya kuwapeleka nje ya nchi, mkatalieni. Chatu yumo kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, na mwaka 2016 Serikali ilipiga marufuku kusafirisha wanyamapori hai nje.

Manju wenu akilalamika, mwambie mimi ndiye niliyesema, na mpe namba yangu aliyonayo mwenye duka la dawa za mifugo. Sikonge nendeni na majembe mcheze bugobogobo, au na chatu wa kuchonga, mti wa mninga upo. Mpigie mwenyeji wenu leo jioni, asije akawa ameshatangaza kijijini kwamba nyoka anakuja.